Ruhusa ya Tendo Moja: Kuhifadhi Faili Penye Folda Zilizolindwa

Ndugu mwenyekiti, waandaaji wa mkutano huu, wenzangu mnaoandika programu, na nanyi mnaosimamia kompyuta za watu wengine, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie usalama wa faili. Mada hiyo ni pana mno, kwa hiyo nitachukua kipande kimoja tu: ule muda mfupi ambapo mtu anabofya "Hifadhi" na kompyuta inamjibu kwamba hana ruhusa.

Muda huo ni wa sekunde chache, lakini ndani yake mna ugomvi wa miaka mingi. Mtu amehariri faili ya mipangilio kwa saa nzima. Amesoma, amelinganisha, amerekebisha, kazi imekamilika. Anabofya, na dirisha dogo linamwambia amekataliwa kuandika. Haambiwi ni kanuni gani imemzuia, wala njia gani imebaki wazi kwake. Akifunga programu kwa hasira, saa yake yote imepotea. Mtu huyo ana haki ya kulalamika, maana mashine ni yake na faili anaijua. Lakini mfumo endeshi uliomkatalia nao una haki, kwa sababu folda anayotaka kuandika humo ndiyo hiyo hiyo ambayo kila programu hasidi inaitamani.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba hapo lazima uchague upande. Ukimpa mtumiaji uhuru, usalama unapungua. Ukikaza usalama, mtumiaji anateseka. Mimi siamini hivyo. Naamini tumekosea mahali pa kuiweka ruhusa. Tumekuwa tukiipa programu nzima, wakati anayeihitaji ni mtu, na anaihitaji kwa tendo moja: kuandika maneno haya, katika faili hii, sasa hivi. Nitakayosema leo yote yanazunguka hapo.

Kwanza, kwa nini folda zilindwe? Chukueni faili ya hosts. Kwenye Linux na macOS iko ndani ya /etc, na kwenye Windows iko C:\Windows\System32\drivers\etc. Ni faili ya maandishi matupu, mara nyingi yenye mistari michache tu, na kazi yake ni kuambatanisha majina ya mitandaoni na anwani za namba. Kompyuta huiangalia hiyo kabla ya kuuliza nje. Programu hasidi ikiongeza mstari mmoja humo, inaweza kuizuia programu ya kinga isifikie seva yake ya masasisho, na mwenye kompyuta asione tofauti yoyote kwa wiki kadhaa. Hiyo ndiyo sababu ya kuifunga.

Sasa tazameni nani mwingine anaihitaji faili hiyo. Mtengenezaji wa tovuti anayetaka kuijaribu tovuti kwenye seva mpya kabla ya kuihamisha. Mzazi anayetaka kuzuia tovuti fulani kwenye kompyuta ya nyumbani. Fundi anayetafuta kwa nini jina moja halifunguki. Faili ni ile ile, folda ni ile ile, na tendo la kuandika ni lile lile. Kwa kuitazama faili peke yake, mfumo hauwezi kuutambua mkono wa mwenye mashine na kuutenga na mkono wa mwizi. Tofauti iko kwenye nia ya mtu, na nia haimo ndani ya diski.

Mifumo ya zamani ilijaribu kulitatua hili kwa kuwagawa watu. Unix, tangu miaka ya 1970, iliipa kila faili mwenyewe, kundi lake, na alama za ruhusa za kusoma, kuandika na kuendesha. Juu ya wote akawekwa mtumiaji mmoja, root, asiyezuiwa na alama hizo. Ni mpango safi, na ulifaa pale ambapo kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi wasiofahamiana. Leo kompyuta nyingi zina mtu mmoja, na hatari yake haitoki kwa jirani wa meza ya pili. Inatoka kwenye programu ambazo mtu huyo mmoja ameziweka mwenyewe. Programu hizo hufanya kazi kwa jina lake na kwa ruhusa zake zote. Mchezo wa watoto, kikokotoo, kihariri cha picha: kila kimoja kinaweza kufungua barua zake na hati zake, kwa sababu kwa macho ya mfumo, wote ni yeye.

Upande wa Windows mambo yalikuwa mazito zaidi. Kwenye Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, akaunti aliyoundiwa mtu wa kawaida wakati wa kusakinisha ilikuwa ya msimamizi, na watu wengi waliishi humo miaka yote. Waandishi wa programu nao wakazoea. Wakawa wanahifadhi mipangilio ya mtumiaji pembeni mwa programu yenyewe, ndani ya Program Files, kwa kuwa hakuna aliyewazuia. Windows Vista ilipofika kwa watumiaji wa kawaida Januari 2007, ilikuja na UAC, ule mpango ambao hata msimamizi anafanya kazi kwa ruhusa pungufu hadi aulizwe na akubali. Ghafla programu nyingi zilizokuwa zikiandika popote zikakuta mlango umefungwa.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu Microsoft walifanya jambo linalonifikirisha hadi leo. Walijua kwamba programu nyingi za zamani zingevunjika. Basi wakaweka njia ya siri. Programu ya zamani ikijaribu kuandika ndani ya Program Files bila ruhusa, mfumo unaikubalia, lakini faili inapelekwa kwingine kabisa, kwenye folda iitwayo VirtualStore iliyofichwa ndani ya folda ya mtumiaji. Programu ile ile ikirudi kuisoma faili hiyo, inaletewa nakala ya huko. Programu inaendelea na kazi, folda ya mfumo inabaki salama, na hakuna dirisha la kukataliwa. Kwa upande wa programu ni suluhisho zuri sana.

Kwa upande wa mtu, ni jambo jingine. Anahifadhi faili, anaambiwa imehifadhiwa, anakwenda kwenye folda aliyoitaja na haikuti. Au anaikuta ya zamani, yenye maudhui ya jana. Anafungua kwa programu ile ya kwanza, mabadiliko yapo. Anafungua kwa programu nyingine, hayapo. Mtumiaji wa pili wa kompyuta hiyo hiyo haoni mabadiliko hata kidogo. Watu wamepoteza siku wakidhani diski imeharibika. Naelewa kwa nini njia hiyo iliwekwa, na bila hiyo pengine Vista isingetumika kabisa na programu za wakati ule. Hata hivyo nashikilia kwamba mfumo haupaswi kumwambia mtu jambo lisilo kweli kuhusu mahali kazi yake ilipo. Kukataliwa kunaumiza, lakini aliyekataliwa angalau anajua amesimama wapi.

Na dirisha la kuuliza je? Hilo lina tabu yake. Vista iliuliza mara nyingi mno, na watu wakajifunza kubofya "Ndiyo" bila kusoma. Mazoea hujenga tabia, na tabia hiyo ndiyo anayoitegemea mshambuliaji. Windows 7, mwaka 2009, ikapunguza maswali na ikampa mtumiaji ngazi nne za kuchagua. Nafuu ilipatikana, lakini kiini hakikuguswa. Dirisha lile linamtajia mtu jina la programu na jina la mchapishaji wake. Halimwambii programu inataka kuandika nini wala wapi. Ukibofya "Ndiyo", hukuidhinisha kuhifadhi faili moja. Umeikabidhi programu mashine nzima hadi uifunge.

Kwamba watu hawasomi maswali ya ruhusa si dhana tu. Mwaka 2012, Adrienne Porter Felt na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichunguza maonyo ya ruhusa yaliyokuwa yakionekana mtu anaposakinisha programu kwenye Android. Asilimia 17 tu ya washiriki waliyatilia maanani. Na miongoni mwa waliojibu dodoso la mtandaoni, asilimia 3 tu waliweza kujibu sawasawa maswali yote matatu ya kupima kama wameelewa. Tukisoma takwimu hizo tukasema watumiaji ni wazembe, tutakuwa tumewadhulumu. Mtu aliyetaka programu ya tochi ameulizwa swali ambalo hana taarifa za kulijibu, kwa wakati ambao akili yake iko kwenye tochi. Swali lenyewe ndilo bovu.

Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kanuni nane za kubuni ulinzi wa taarifa kwenye kompyuta, na mbili kati yake naziona zimeandikwa kwa ajili ya mazungumzo ya leo. Moja inasema kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa ruhusa chache kadiri inavyotosha kazi yake. Nyingine inasema ulinzi uwe rahisi kwa mtu kuutumia, ufanane na picha aliyonayo kichwani kuhusu anachokilinda. Ile ya kwanza tumeinukuu kila mahali. Hii ya pili tumeiacha ikapata vumbi. Matokeo yake mnayaona: mtu amechoka kukataliwa, anatafuta ushauri mtandaoni, anaambiwa aandike chmod 777, amri inayompa kila mtu ruhusa zote za faili, au azime UAC. Anafanya hivyo, faili yake inahifadhiwa, na tangu siku hiyo mlango uko wazi kwa kila mtu na kila programu. Ulinzi uliomshinda mtumiaji umeishia kuondolewa na mtumiaji mwenyewe. Anne Adams na Angela Sasse walionya kuhusu hili tangu 1999 walipochunguza namna watu wanavyotumia nywila kazini: mtu anayekwepa kanuni ya usalama mara nyingi ana kazi halali ya kufanya, na kanuni haikumfikiria.

Sasa niwape kisa ambacho kwangu kinaeleza tatizo zima. Kiliandikwa na Norm Hardy mwaka 1988, kuhusu jambo lililotokea miaka kadhaa nyuma katika kampuni ya Tymshare, iliyokuwa ikikodisha muda wa kompyuta. Kwenye mashine yao kulikuwa na kompaila, yaani programu ya kutafsiri maandishi ya lugha ya FORTRAN yawe programu inayoendeshwa na kompyuta, imewekwa katika folda ya mfumo iitwayo SYSX. Kompaila hiyo ilitakiwa kuandika takwimu za matumizi yake ndani ya folda hiyo, basi ikapewa ruhusa ya kuandika humo. Humo humo ndimo ilimokaa faili ya BILL, yenye kumbukumbu za malipo ya wateja. Mteja alipoendesha kompaila, aliweza kutaja jina la faili ambamo angependa kupokea taarifa za utatuzi wa makosa. Mteja mmoja akataja BILL ya ndani ya SYSX. Kompaila ikaomba kuifungua kwa kuandika. Mfumo ukaangalia: kompaila ina ruhusa ya kuandika kwenye folda hii? Ndiyo. Ikafunguliwa, ikaandikwa juu, na kumbukumbu za malipo zikafutika.

Nani alikosea hapo? Mteja hakuwa na ruhusa ya kuigusa faili ile, na mfumo usingemruhusu kama angeomba kwa jina lake. Kompaila ilifanya ilichoagizwa na mteja. Mfumo ulifuata kanuni zake. Kila mmoja alitenda sawasawa na faili ikaharibika. Sababu ni kwamba kompaila ilikuwa imebeba mamlaka mawili kwa wakati mmoja, ya mteja na ya mfumo, na wakati wa kuandika haikuwa na njia ya kusema inatumia mamlaka ya nani. Hardy aliifananisha na naibu aliyechanganyikiwa, anayefuata amri za bwana mmoja kwa madaraka aliyopewa na bwana mwingine.

Wenzangu, kihariri chochote unachokiendesha kama msimamizi ni naibu wa namna hiyo. Unakifungua kwa mamlaka kamili kwa sababu ya faili moja ya mipangilio. Kuanzia hapo, kila kiendelezi, yaani programu ndogo ya nyongeza, ulichokipakua, kila faili nyingine utakayoifungua kwenye dirisha jingine, kila amri inayojiendesha yenyewe, vyote vinatembea na ufunguo uliotoa kwa ajili ya faili moja.

Tiba ipo, na wengi kati yetu tumeitumia bila kuitambua. Fikirieni dirisha la "Hifadhi kama". Mtu anachagua folda, anaandika jina, anabofya. Kwa tendo hilo ameshaieleza nia yake kikamilifu kuliko swali lolote la ruhusa lingeweza kumuuliza: ametaja faili, ametaja mahali, ametaja wakati, na programu ipi. Kumuuliza tena "Je, una uhakika unairuhusu programu hii?" ni kumsumbua bure. Kinachotakiwa ni dirisha hilo lichorwe na mfumo wenyewe, nje ya programu, ili programu isiweze kulibofya kwa niaba ya mtu. Mtu akishachagua, mfumo unaikabidhi programu faili hiyo moja tu. Programu haikuwa na ruhusa kabla ya hapo, na haina ruhusa ya faili ya jirani yake hata sasa.

Apple walijenga hivyo kwa programu za duka la Mac, ambazo tangu Juni 2012 zilitakiwa kuishi katika eneo lililofungwa. Android ilileta njia kama hiyo kwenye toleo la 4.4, mwaka 2013, na Linux ina mpango wa aina hiyo kwa programu zinazosambazwa kwa vifurushi vya Flatpak. macOS Catalina, mwaka 2019, ilipoanza kuuliza kabla ya programu kuingia kwenye Desktop, Documents na Downloads, iliacha swali lisitokee pale mtu anapoichagua faili mwenyewe kupitia dirisha la kufungulia. Chaguo la mtu lilihesabiwa kuwa ndiyo ruhusa. Napenda sana uamuzi huo.

Lakini njia hii ina gharama, na si vyema kuificha. Android 10, mwaka 2019, ilianza kuzifungia programu hifadhi ya pamoja ya simu, na Android 11 mwaka uliofuata ikakaza. Kabla ya hapo, programu iliyopewa ruhusa ya hifadhi iliweza kusoma picha na hati zote ambazo programu nyingine ziliweka humo. Kufunga kulihitajika. Ila programu za kupanga mafaili na za kutunza nakala rudufu zinaishi kwa kugusa faili nyingi kwa pamoja, na kuchagua moja moja hakuzifai. Ikabidi iwepo ruhusa maalumu ya kufikia faili zote, ambayo duka la Google Play huikagua kabla ya kuikubali. Watumiaji waliokuwa na mpangilio wao wa folda wa miaka mingi waliona nyumba yao ikipangwa upya na mtu mwingine. Nadhani mwelekeo ulikuwa sahihi, na nadhani pia maumivu yao yalikuwa ya kweli. Mbunifu anayeondoa uwezo ambao watu walikuwa nao anapaswa kuweka njia ya kuurudisha kwa wanaouhitaji, hata kama njia hiyo ni ndefu.

Turudi kwenye faili za mfumo, ambako dirisha la kuhifadhi peke yake halitoshi kwa kuwa mtu mwenyewe kwa akaunti yake ya kawaida hana ruhusa. Kwenye Linux tuna sudo, amri ya kuendesha programu kwa mamlaka ya root, iliyoanzishwa karibu mwaka 1980 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York huko Buffalo. Wengi huandika sudo kisha jina la kihariri, na hapo tumeshamwona naibu aliyechanganyikiwa. Iko amri nyingine isiyosifiwa inavyostahili, sudoedit. Hii hutengeneza nakala ya muda ya faili, nakala ambayo ni mali yako. Kihariri kinafunguliwa kwa ruhusa zako za kawaida, pamoja na viendelezi vyake vyote. Ukimaliza, kama kuna kilichobadilika, sehemu ndogo yenye mamlaka inairudisha nakala mahali pa faili ya awali. Saa nzima ya kuandika haikuhitaji mamlaka yoyote. Yaliyohitaji mamlaka ni yale matendo mafupi ya kuisoma faili mwanzoni na kuirudisha mwishoni. Vihariri kadhaa vya kisasa vimeiga wazo hilo: kuhifadhi kukishindikana, vinajitolea kujaribu tena kama msimamizi, na kinachopandishwa cheo ni kisaidizi kidogo cha kuandika, kihariri kikibaki kama kilivyo.

Hata njia nzuri inavunjika ikiandikwa vibaya. Januari 2021 ilitangazwa dosari ndani ya sudo iliyokuwepo tangu 2011, iliyomwezesha mtumiaji wa kawaida kujipandisha hadi root. Januari 2023 ikatangazwa nyingine, ndani ya sudoedit yenyewe: mtu aliyeruhusiwa kuhariri faili moja aliweza, kwa kuchezea jina la kihariri, kuhariri nyingine asizoruhusiwa. Zote zilizibwa. Ninazitaja kwa sababu zinaonyesha kwamba sehemu yenye mamlaka inapaswa kuwa fupi kiasi cha mtu mmoja kuisoma yote kwa kikao kimoja na kuielewa.

Kwa mnaoandika vihariri, hapa ndipo penye kazi halisi. Programu nyingi huhifadhi kwa kuandika faili mpya pembeni kisha kuibadilisha jina ichukue nafasi ya ile ya zamani, ili umeme ukikatika katikati pasibaki faili nusu. Ni tabia njema. Lakini kwenye Unix, kubadili jina na kufuta kunategemea ruhusa ya folda, wala si ya faili. Mtu anaweza kuwa na ruhusa kamili ya kuiandika faili, na bado kuhifadhi kukashindikana kwa sababu folda imefungwa. Programu isiyolijua hilo inamwambia mtu hana ruhusa ya faili yake mwenyewe. Na ukiifanya kazi hiyo kama root, faili mpya inakuwa mali ya root. Huduma iliyokuwa ikiisoma jana inashindwa kuisoma leo, na fundi atatafuta chanzo usiku kucha. Kwa hiyo mwenye faili, kundi lake na alama zake vyote virudishwe kama vilivyokuwa. Kama jina lile lilikuwa kiungo kinachoelekea faili nyingine, amueni mapema mtaandika wapi, na msifuate viungo ndani ya folda ambayo watu wengine wanaweza kuandika, maana huko mtu anaweza kukigeuza kiungo wakati programu yenu imeshakagua na haijaandika. Hakikisheni pia kwamba faili haijabadilishwa na mwingine tangu ilipofunguliwa.

Kwa upande wa mtu anayeandika, mwambieni mapema. Programu inaweza kujua wakati wa kufungua kwamba faili hii haiandikiki kwa akaunti hii. Kwa nini asubiri saa nzima ndipo aambiwe? Ikifika wakati wa kuomba mamlaka, mwonyesheni njia kamili ya faili, na ikiwezekana mistari itakayobadilika, ili anapobofya awe ameidhinisha kitu anachokiona. Tendo likiisha, ruhusa nayo iishe. Akikataliwa hata hivyo, maandishi yabaki kwenye skrini na apewe nafasi ya kuyaweka kwenye folda yake. Kupoteza kazi ya mtu kwa jina la usalama ni jambo lisilosameheka, na halimlindi mtu yeyote.

Kuna hali moja inayopindua mjadala huu. Mei 2017 programu hasidi iitwayo WannaCry ilisambaa duniani ikifunga faili za watu na kudai fidia. Ilipenya kupitia mwanya ambao Microsoft walikuwa wameuziba Machi mwaka huo, kwenye mashine ambazo hazikusasishwa. Lakini programu za namna hii kwa ujumla hazihitaji mamlaka ya msimamizi. Hati zako, picha zako, kazi yako yote imo kwenye folda ambazo wewe mwenyewe una ruhusa kamili, na programu yoyote inayoendeshwa kwa jina lako inayo pia. Tulikuwa tumelinda sana folda za mfumo, ambazo mtu anaweza kuzisakinisha upya kwa muda mfupi, na tukaacha wazi zile ambazo hakuna awezaye kumrudishia.

Mwezi Oktoba mwaka huo Windows 10 ikaleta kinga ya folda za mtumiaji: Documents, Pictures na nyingine, pamoja na anazoziongeza mwenyewe, zinafungiwa programu zisizoaminika. Ilikuja ikiwa imezimwa, mtu aiwashe kwa hiari. Wanaoiwasha hukutana na jambo la kuudhi: programu halali isiyojulikana sana inashindwa kuhifadhi ndani ya Documents, na kwa kuwa mwandishi wake hakuwahi kufikiria kwamba Documents inaweza kukataa, inatoa kosa lisiloeleweka au inanyamaza. Mtu anachoka, anaizima kinga. Humu tena ruhusa imefungwa kwenye programu: ama unaaminika moja kwa moja, au huaminiki. Laiti kuhifadhi kupitia dirisha la mfumo kungetosha kuwa idhini ya faili hiyo moja, kinga hiyo ingeweza kuwashwa kwa kila mtu bila kuwakera.

Neno moja kuhusu mwenye mashine. Tangu 2015, macOS inazuia hata root kuandika kwenye sehemu za mfumo. Wengine waliliona hilo kama kunyang'anywa kompyuta yao. Mimi nautazama mlango uliobaki: mwenye mashine anaweza kuizima kinga hiyo, ila ni lazima aiwashe kompyuta katika hali ya urekebishaji, akiwa ameketi mbele yake. Programu inayojiendesha haiwezi kufanya hivyo kwa niaba yake. Ugumu umewekwa mahali ambapo mtu anaweza kuuvuka na programu haiwezi. Huo ndio ugumu wenye maana. Kifaa kisicho na mlango kama huo kabisa, mimi sikiiti salama zaidi. Uamuzi umehamishwa tu kutoka kwa mwenyewe kwenda kwa mtengenezaji. Kwenye kompyuta za kazini mwenye mashine ni taasisi, nayo ina haki ya kufunga, lakini basi dirisha la kukataliwa limwelekeze mfanyakazi kwa mtu wa kumwomba, na ombi libebe jina la faili na sababu, ili msimamizi naye aidhinishe kitu kimoja anachokielewa.

Kabla sijakaribisha maswali, nina ombi. Mkirudi kazini, fungueni programu yenu kwa akaunti ya kawaida isiyo ya msimamizi, andikeni kurasa mbili, kisha jaribuni kuzihifadhi ndani ya folda ya mfumo. Rudieni mkiwa mmeifunga Documents. Rudieni na faili iliyo mali ya mtumiaji mwingine, muone baada ya kuhifadhi imebaki ya nani. Andikeni neno kwa neno kile ambacho programu yenu ilimwambia mtumiaji, na kama zile kurasa mbili bado zipo. Ningependa sana kuyasoma hayo. Sasa nakaribisha maswali.